Mizani ya Nane

Idwal Prydderch alikuwa na mstari mmoja uliomnyima raha kwa miaka arobaini na moja, na mstari wenyewe alikuwa ameutunga yeye. Ulitakiwa uwe na mizani saba. Ulikuwa na nane. Basi, dhambi yenyewe ni hiyo, na mtu wa kwingine anaweza kucheka akaenda zake. Lakini watu wa bonde lile la Welisi hawachekei mambo ya vina na mizani. Utamwachia jirani lango wazi kondoo wake wapotee, atakusamehe ifikapo Jumapili. Utalewa kwenye harusi ya binti yake, atakusamehe ukimpelekea mayai. Ukitunga mstari wa mizani nane penye saba, hata wajukuu zako watanyooshewa kidole.

Shairi lenye mstari huo alilitunga akiwa na miaka ishirini na miwili, kijana wa mama aliyeuza stempu katika posta ya kijiji, ili agombee kiti katika tamasha la wilaya. Kiti ni kiti kweli, cha mti wa mwaloni, chenye mikono na mgongo mrefu, na kila mwaka huchongwa kipya kwa ajili ya mshairi mmoja tu. Washindani hujificha nyuma ya majina ya kubuni, na majina yao halisi hukaa ndani ya bahasha zilizofungwa. Mwaka ule ukumbi ulijaa hadi madirishani. Jaji alikuwa Mchungaji Tudur Bowen, mzee wa bonde lilelile, naye alisema kwamba kati ya mashairi tisa aliyoyapokea saba yalifaa kuwashia moto, na mawili hayakuwa na ila hata moja.

"La Ukungu wa Asubuhi ni zuri," alisema, "lakini la Mwana wa Stempu lina pumzi ndefu zaidi. Mwana wa Stempu, popote ulipo, simama!"

Tarumbeta ikalia. Idwal akasimama. Wakamshika mikono, wakampeleka jukwaani, wakainua upanga juu ya kichwa chake kama ilivyo desturi, na msimamizi akauliza mara tatu, "Je, kuna amani?" Watu mia nne wakajibu mara tatu, "Amani!" Akakalishwa kwenye kiti.

Ni akiwa amekaa pale juu ndipo alipomwona Meurig. Meurig wa shamba la Hafod-wen, mtoto wa mfugaji, rafiki yake tangu darasa la kwanza, alikuwa safu ya tatu akifuta machozi kwa kofia. Asubuhi ile, walipodandia lori la maziwa kuja mjini, Meurig alikuwa amemnong'oneza jina lake la kubuni. Alikuwa Ukungu wa Asubuhi.

Jumatano gazeti likachapa shairi lote. Idwal alilisoma ndani ya basi, akiringa peke yake, akihesabu kwa vidole juu ya goti kama wafanyavyo watunzi wote, na katika mstari wa kumi na tisa vidole vikamzidi. Akarudia. Vikamzidi tena. Kulikuwa na neno ambalo watu wa bonde lao hulimeza nusu wakiongea, na yeye alikuwa amelihesabu linavyokaa mdomoni badala ya linavyotakiwa na kanuni. Mchungaji Bowen, mtoto wa bonde hilohilo, naye alikuwa amelimeza. Kwa hiyo shairi lililoshinda lilikuwa guni, lenye ila ya mizani, na kiti kilikuwa haki ya Meurig.

Angeshuka palepale akaenda kwa Mchungaji, mambo yangeishia hapo. Hakushuka. Mama yake alikuwa ameshalia kwa furaha kanisani mbele ya watu wote, na Ijumaa ikaja barua ya chuo kikuu kule pwani ikimwita awe mhadhiri msaidizi, kwa kuwa kijana aliyekalia kiti akiwa na umri ule haonekani kila siku. Akafunga sanduku lake, akaenda, na kila siku aliyochelewa kusema ilifanya siku iliyofuata iwe ngumu zaidi.

Alifundisha miaka thelathini na minane. Aliandika vitabu tisa vya mashairi na viwili vya kanuni za utunzi. Akawa daktari wa falsafa, akawa profesa, na nusu ya washairi wanaosikika leo katika Kiwelisi waliwahi kukaa mbele ya meza yake wakitetemeka. Maana alikuwa mkali, mkali wa kuudhi. Akialikwa kuhukumu, watu walikuja wakiwa wamekata tamaa tangu nyumbani. Mara tano alipanda jukwaani akatangaza kwamba hakuna aliyestahili, kwa ajili ya mzani mmoja hapa au kina kimoja pale, na mara tano kiti kizuri kikarudishwa stoo. Wakampa jina: Idwal Mnyima-Kiti. Husemwa kwamba nyani haoni kundule. Huyu alikuwa akiliona lake kila siku iendayo kwa Mungu, na ndiyo sababu hakuwavumilia wenzake.

Na Meurig? Meurig hakutunga tena. Alirithi shamba la baba yake, akabaki na ng'ombe hamsini na mbwa mmoja, hakuoa wala hakugombea kitu chochote. Alikuwa mtu wa haya tangu utotoni. Siku ya harusi ya dada yake alikaa na ndama ghalani mpaka hotuba zilipokwisha. Idwal aliyatazama maisha hayo yote akayapa sababu moja tu: nimemvunja. Kila mwezi alikwenda Hafod-wen, akala supu ya kondoo na liki, kile kitunguu cha majani, akacheka, akasikiliza habari za nyasi na mvua, kisha akarudi nyumbani anajiona mwizi.

Alipostaafu mambo yote yakamjia kwa pamoja. Mashairi yake yalikuwa yanakusanywa katika kitabu kimoja kinene, lile la kiti likiwa ukurasa wa kwanza. Kitabu kingezinduliwa mwezi uliofuata katika ukumbi uleule, na kiti kingetolewa sebuleni kwake kikawekwe huko milele, na kibao cha shaba chenye jina lake. Kila aliyekutana naye barabarani alimpa mkono. Idwal aliitikia, akishukuru, na kuharakisha kwenda zake.

Alhamisi moja, yeye na mkewe wakiwa kwenye uji wa asubuhi, simu ikalia. Alikuwa Non, mhariri wa kitabu, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake.

"Profesa, kurasa zinakwenda mtamboni kesho. Zote ziko sawa. Ila ukurasa wa kwanza uliuwekea alama ya penseli, halafu ukaifuta. Nirekebishe kitu?"

Angeweza kusema neno moja tu. Marekebisho alikuwa nayo kichwani miaka yote hiyo. Yalikuwa ni kutoa neno refu na kuweka fupi, na hakuna mtu ambaye angeshtuka. Lakini mwizi hata akikipaka rangi alichoiba, hakiwi chake.

"Nipe mpaka saa tisa," akasema.

Mke wake, Eirlys, alikuwa amesimama na birika la chai mkononi. Aliwahi kuwa nesi, na wagonjwa wanaojifanya wazima alikuwa amewazoea.

"Mzee wangu, wiki nzima unahesabu kwa vidole. Unahesabu nini, siku ulizobakiza duniani?"

"Nahesabu mizani."

"Mizani huwa unahesabu ukitabasamu. Hizi unahesabu kama mtu anayengoja kung'olewa jino." Akamwondolea bakuli. "Nenda kwa Meurig."

"Nani kamtaja Meurig?"

"Wewe hapo. Miaka thelathini na mitano unamtaja usingizini. Mwanamke mwingine angekuwa keshamfuata huyo Meurig na mwiko." Alikuwa tayari anafunga mkate wa zabibu katika karatasi. "Mimi sitaki kujua ni nini. Nataka ukaseme. Mficha maradhi kilio humfichua."

"Na akinifukuza?"

"Utarudi hapa. Vaa koti, mvua hiyo."

Alivaa koti la kwanza aliloligusa, lile jeusi la mikutano. Njia ya Hafod-wen hupanda taratibu kati ya kuta za mawe, na siku ile maji yalikuwa yakishuka katikati ya lami. Idwal aliendesha polepole akipanga maneno. Alikuwa na maneno mazuri ya kuanzia, na mengine mazuri zaidi ya katikati. Hakuwa na ya mwisho, maana mwisho ulikuwa mikononi mwa Meurig. Marafiki aliokuwa nao tangu utoto walikuwa wamekufa wote isipokuwa huyu, na sasa alikuwa anakwenda kumpoteza kwa miguu yake mwenyewe.

Meurig alikuwa ndani ya banda la kukamulia, buti hadi magotini, akiosha sakafu kwa mpira wa maji. Alipomwona mgeni mlangoni katika koti jeusi, aligeuka na mpira mkononi, maji yakampiga mbwa.

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Basi mbona umevaa hivyo siku ya Alhamisi? Unanitisha, bwana. Huo ni mkate wa Eirlys? Uweke juu, huyu mbwa hana adabu."

Idwal akauweka mkate juu ya tangi la maziwa. Maneno aliyoyapanga yalikuwa yamemtoroka yote, ya kuanzia na ya katikati. Mtu aliyehutubia kumbi zilizojaa alisimama mbele ya mtu mmoja na ng'ombe mgonjwa aliyefungwa pembeni.

"Meurig, kiti kile si changu. Ni chako."

Meurig akaendelea kuosha.

"Unanisikia? Shairi langu lilikuwa guni. Kuna mstari una mizani nane. Nimejua tangu wiki ileile lilipochapwa, nikanyamaza. Nikapata kazi, nikapata cheo, nikapata jina, na wewe nikakuacha huku na samadi. Nilikuona ukilia, Meurig. Kila mwaka nasema mwaka huu nitamwambia, kila mwaka naogopa. Ukitaka kunifukuza, nifukuze. Sitakulaumu."

Maji yakazimwa. Meurig aliutundika mpira ukutani taratibu, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mstari wa kumi na tisa," akasema.

Idwal akashika tangi.

"Ulijua?"

"Tangu Jumatano ile. Gazeti lilifika nikiwa nakamua. Siku hizo si tulikamua kwa mkono? Nikaliegemeza kwenye ndoo, nikalisoma kwa sauti, nikajikwaa. Sasa vidole vyangu vilikuwa kazini, bwana, kwa hiyo nikahesabu kwa chuchu. Saba zilitakiwa, au siyo? Nikamaliza ng'ombe wawili wazima, chuchu nane."

"Na ukanyamaza!"

"Ulitaka niseme nini? Ningesema, wangeniletea mimi kile kiti!"

Alilisema kama mtu anayezungumzia nyoka. Shingo ilikuwa imeanza kumwiva kwa haya, kama ilivyomwiva kanisani kila alipolazimishwa kusoma aya mbele ya watu.

"Kutunga nilitaka," akasema Meurig. "Nilipenda sana. Kupeleka mashindanoni sikutaka, wewe ndiye uliyenishikilia. Peleka Meurig, peleka, usiwe mwoga. Nikapeleka ili unyamaze. Halafu siku ile Mchungaji akaanza, saba za kuwashia moto, mawili hayana ila, mara namsikia anataja Ukungu wa Asubuhi. Idwal, kidogo nijikojolee. Watu mia nne! Tarumbeta! Upanga! Nikaomba palepale, Mungu wa mbinguni, nivushe leo tu, sitatunga tena maishani. Ndipo akasema Mwana wa Stempu." Akatikisa kichwa, anacheka. "Nililia, ndiyo. Nililia kama mtu aliyeachiwa na polisi."

Idwal aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Kwanza hakusikia kitu chochote. Kisha akasikia kicheko, na kikawa chake mwenyewe, kikitoka chini kabisa tumboni, kikamtikisa mabega mpaka miwani ikadondoka kwenye maji. Alicheka, akafuta macho, akaanza tena. Raha iliyomjia ilikuwa kubwa kiasi kwamba iliuma. Hakuwa amemvunja mtu. Miaka yote ile aliyoyaonea huruma maisha ya rafiki yake, yalikuwa maisha ambayo rafiki yake aliyaomba kwa Mungu akapewa.

Halafu akakasirika.

"Miaka arobaini na moja, Meurig! Umeniacha nakula mezani kwako huku najiona mwizi!"

"Na mimi je? Kila ukija na koti zuri moyo unaniruka. Najisemea, leo ndiyo leo, leo amekuja kutubu, wataniburuta ukumbini. Mwaka ule uliokuja na tai shingoni nilijificha kwenye nyasi kavu."

"Uliniambia ulikuwa na homa!"

"Nilikuwa nayo. Ya woga." Meurig akaiokota miwani, akaisuuza, akampa. "Sasa sikiliza, Profesa. Umeshatubu, nimeshakusamehe, limekwisha. Hakuna haja ya kumwambia mtu mwingine."

"Kitabu je? Nitawezaje kuuacha mstari ule utoke kama hauna kitu?"

"Sema wewe umekosea. Usiseme wa pili alikuwa nani. Bahasha ya wa pili huwa haifunguliwi."

Ilikuwa kweli, na kwa Idwal ilitosha. Akatoa simu mfukoni. Haikushika mtandao.

"Panda juu ya hiyo ndoo, pale dirishani," akasema Meurig. "Ndipo inaposhika."

Basi profesa mstaafu akapanda juu ya ndoo, koti jeusi na yote, akampigia mhariri wake.

"Non? Usirekebishe kitu. Mstari wa kumi na tisa uache kama ulivyo, ila weka tanbihi. Andika: Mstari huu una mizani nane. Mtunzi alijua tangu wiki ya kwanza, akanyamaza."

Idwal akaisogeza simu karibu zaidi na dirisha.

"Non?"

"Niliuona tangu Machi," akasema Non kwa sauti ndogo. "Wewe uliwahi kunirudishia kazi yangu ya mwaka mzima kwa ajili ya mstari mmoja wa namna hiyo. Nikadhani ni mtego wa kunijaribu."

"Haukuwa mtego. Na kwa ile kazi yako, nisamehe."

"Haya, Profesa," akasema Non, na akasikika kama anajifuta pua. "Na kiti? Watu wa ukumbi watauliza."

"Nitawaambia mwenyewe. Wakikitaka na ila yake, wakichukue. Wasipokitaka, kitakaa kwangu, paka anakipenda."

Meurig alikuwa anamvuta pindo la koti. "Usinitaje! Usinitaje!"

"Nani huyo anayeongea?" akauliza Non.

"Ng'ombe," akasema Idwal, akakata simu.

Wakaukata mkate kwa kisu cha Meurig, wakaula wamesimama. Nje mvua ilikuwa imepungua. Hata ule mkate ulikuwa mtamu kupita siku zote, na Idwal akamwambia hivyo, na Meurig akasema Eirlys ameongeza zabibu, hakuna muujiza. Wakazungumza habari za Mchungaji Bowen, Mungu amlaze pema, jinsi alivyosahau meno yake ya bandia mazishini. Walipokwisha kucheka, Idwal akasema jambo ambalo lilikuwa limemkaa moyoni siku nyingi.

"La kwako sijawahi kulisikia."

"Halipo. Karatasi zilizobaki kwangu niliwashia jiko."

"Kichwani je?"

Shingo ikaiva tena. "Kichwani lipo. Huwa nawasemea hawa asubuhi. Wanatulia."

"Nisemee na mimi."

"Siwezi ukinitazama."

"Nageuka."

"Na mimi nageuka."

Wakapeana migongo, wazee wawili katikati ya banda lenye maji. Meurig akakohoa, akaanza. Lilikuwa shairi la baba yake akitafuta ng'ombe malishoni kabla jua halijatoka, akiwaita, na kila ubeti ukungu ukimla kidogo: kwanza buti, kisha mikono, kisha kofia, mpaka mwisho ilibaki sauti peke yake ikiita. Meurig aliyeshindwa kusoma aya kanisani alilisema bila kusita hata mara moja. Vina vilikuja vyenyewe. Idwal alisikiliza, na nywele zikamsimama mikononi, maana lilikuwa shairi la kweli.

Vidole vyake lakini havikujua kupumzika. Nyuma ya mgongo vilikuwa vinahesabu, kwa mazoea tu. Saba, saba, saba. Ndipo ukaja mstari ambao baba anaita ng'ombe kwa mara ya mwisho, na vidole vikasimama kwenye sita.

Akadhani amesikia vibaya. Akaupitia tena moyoni, na ulikuwa sita. Meurig alilivuta neno la kuita kama wachungaji wanavyolivuta mlimani, na pumzi ile ndefu ndiyo iliyoziba pengo. Mchungaji Bowen alilelewa katikati ya wito huohuo. Lazima naye alikuwa ameuvuta akisoma, akaona mstari umetimia. Moja lilizidi, moja lilipungua, na mzee wa watu hakuona lolote. Kila moja likiwa na ila yake, kiti hakikuwahi kuwa haki ya Meurig. Idwal hakumwibia mtu kitu, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Furaha ilimpanda hadi kooni. Sentensi moja tu ingetosha. Angemwambia rafiki yake, angempigia Non afute tanbihi, na angeingia ukumbini mwezi ujao kichwa juu, akikidai kiti chake kwa haki.

"Haya," akasema Meurig nyuma yake. "Geuka sasa."

Idwal akageuka. Meurig alikuwa ameangalia sakafu, mikono yake mikubwa imeshikana mbele kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Miaka yote hii nimetaka kumuuliza mtu anayejua, nikaogopa. Mchungaji alisema halina ila. Ni kweli, Idwal?"

Mara tano Idwal Mnyima-Kiti alikuwa ameulizwa swali hilo mbele ya umati, na mara tano alijibu bila kupepesa. Sasa alimtazama mtu huyu aliyekuwa na shairi moja tu duniani, aliyewasemea ng'ombe kila asubuhi na kutoka bandani akiwa tajiri. Alikuwa amepanda mlima kuja kutua siri, na sasa alikuwa amekabidhiwa nyingine. Ajabu ni kwamba hii haikumlemea.

"Ningekuwa jaji," akasema, "ningekupa kiti."

Na alipolisema akajua kwamba hakudanganya. Angekitoa kwa mikono miwili, mizani sita na yote, na kijana yule aliyehesabu ndani ya basi naye angemwachia kiti chake, mizani nane na yote.

"Mungu apishe mbali!" akasema Meurig, uso umemwiva hadi masikioni kwa furaha. Akapiga hatua mbili, akarudi. "Hebu rudia."

"Ningekupa kiti, Meurig."

"Basi, imetosha. Usimwambie mtu."

"Simwambii mtu," akasema Idwal, akakata kipande kingine cha mkate.